Wanja uliompeleka Bi Mwanakheir darasani

Swala ya Ijumaa imemalizika na kanzu nyeupe zinamiminika kwenye vichochoro vya Kiponda, Mji Mkongwe. Juu, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye feni moja inayozunguka kivivu, wafanyakazi wa hoteli wameketi kwenye viti vya plastiki na macho yao yako ubaoni. Kuna wapishi, kuna wahudumu wa vyumba, kuna walinzi wawili ambao bado wamevaa sare.

"Haya, tena," anasema Mwalimu Faiza, dada mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. "Look after."

"Look after!" darasa linaitikia kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaosomeshwa juzuu.

Leo somo ni hilo moja tu. Faiza huwafundisha Kiingereza cha kazini, na mtindo wake ni kuchukua neno moja linalotumika kila siku na kulizungusha mpaka kila mtu alipate. Anataka wamtajie maneno mengine ya maana hiyo hiyo. Mmoja anasema "take care of". Mwingine anasema "mind". Wa nyuma anasema "watch", kisha anajificha nyuma ya mwenzake.

Mudrik, mlinzi wa hoteli moja ya Shangani, ananyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nna-look after magari ya wageni usiku kucha. Lakini mke wangu anasema yeye simtazami hata kidogo."

"Basi kamfundishe na yeye hili neno, akudai vizuri," Faiza anamjibu, na chumba kizima kinaangua kicheko.

Kisha Faiza anaandika msemo mwingine ubaoni: "keep an eye on". Anaeleza kwamba Waingereza husema hivyo mtu akitaka umchungie kitu, na kwamba neno kwa neno ni kama kuweka jicho. Mgeni anaweza kukwambia hivyo kuhusu mkoba wake, au kuhusu mwanawe.

"Mwalimu," inasema sauti ya upole kutoka kiti cha karibu na dirisha. "Hilo mimi silisemi."

"Kwa nini, Bi Mwanakheir?"

"Mtoto hawekewi jicho. Mtoto anakingwa na jicho. Nifundishe jengine."

Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yeye mwenyewe hacheki. Anarekebisha mtandio wake na kulitazama ubao kwa uso wa mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Kicheko kinakatika chenyewe, kwa sababu kila mmoja mle ndani anajua kilichomleta Bi Mwanakheir darasani, na anajua kwamba Jumanne inayokuja ataitwa kwa meneja wake kujibu maswali kwa Kiingereza. Akifaulu, anarudishwa kwenye chumba cha watoto. Akishindwa, anabaki na mashuka.

Bi Mwanakheir ana miaka arobaini na saba. Ni mtu wa Tumbatu, kijiji cha Gomani, lakini makazi yake sasa ni Mtoni, kwenye nyumba anayokaa na mdogo wake. Kazi yake iko upande wa pili wa mji, kwenye hoteli moja ya Mbweni ambayo ameomba isitajwe jina. Aliingia pale kama dobi. Alifua, alipiga pasi, alikunja mataulo, na mshahara wake wa laki tatu na themanini ulimtosha kwa kubanabana kama unavyowatosha wengine wengi hapa Unguja.

Kilichombadilishia maisha ni mtoto aliyelia. Mgeni mmoja alikuwa akihangaika na mwanawe kwenye ukumbi, wahudumu wote wameshindwa, ndipo dobi akapita na kapu lake la nguo. Aliliweka chini, akamwomba mama mtu kwa ishara, akamchukua mtoto begani. Mtoto akanyamaza. Hoteli ilikuwa na chumba cha watoto kilichokuwa hakina mtu wa kukisimamia, na haikuchukua muda Bi Mwanakheir akapewa ufunguo.

"Siku ile nimerudi nyumbani nnacheka peke yangu njiani," ananiambia baada ya darasa, tukiwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani na vikombe vya kahawa. "Watu wakidhani nimepagawa."

Namuuliza kwa nini furaha yote hiyo, wakati mshahara haukuongezeka hata senti. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Mimi ni wa mwanzo kwa mama yangu. Nyuma yangu wako sita. Mama akishuka pwani kutafuta pweza, mimi ndiye mwenye mtoto mgongoni. Akija mwengine, na yeye mgongoni. Nimekua hivyo, mgongo wangu haujui kukaa mtupu." Anakoroga kahawa isiyo na sukari, kisha anasema lililo zito. "Halafu nikaolewa, na mwenyewe sikujaaliwa. Mume wangu alivumilia miaka, akaoa kwengine, tukaachana kwa wema. Simlaumu. Lakini usiku nalia, nisikudanganye."

Hajui kusema kwa mafumbo, huyu mama. Linalomuuma analisema, linalomfurahisha analisema, na katikati anakuuliza wewe mambo yako. "Na wewe mwandishi, una watoto? Nani anakuangalizia ukija huku kutuhoji?" Namwambia wako kwa bibi yao. Anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mpe salamu bibi yao. Mwambie Mwanakheir anamwombea mgongo."

Basi alikaa kwenye kile chumba kwa raha zake. Wageni waliondoka wakiacha barua za kushukuru na vipande vya chokoleti. Mpaka akaja mtoto wa wanja.

Alikuwa wa miezi minane, mnene, mashavu yamejaa, macho ya buluu kama kikombe cha enameli. Wazazi wake walitaka kwenda kula chakula cha mchana Forodhani, wawili tu. Mama alimkabidhi mtoto na kumwambia tafadhali "look after" huyu mpaka turudi. Bi Mwanakheir alimwelewa vizuri kabisa. Hapo hakukuwa na tatizo la lugha hata chembe.

Tatizo lilikuwa uzuri wa mtoto. Kila aliyepita mlangoni aliingia kumtazama. Mpishi akasema, lo, huyu mtoto! Wahudumu wa mapokezi wakaja wawili wawili. Mgeni wa chumba cha juu akampiga picha. Wakamsifu miguu, wakamsifu nywele, wakamsifu kucheka, na hakuna hata mmoja aliyesema mashaallah.

"Nnawasikia, roho inanienda mbio," anasema. "Nawaambia jamani semeni mashaallah, wao wanacheka. Haukupita muda mtoto akaanza kulia. Maziwa hataki, kubebwa hataki, kalegea. Nikasema, Lahaula, mtoto wa watu wamempata! Na mama yake ameniambia nimwangalie!"

Alifanya ambacho mama yake angefanya, na bibi yake kabla ya hapo, na ambacho nusu ya wasomaji wa gazeti hili walifanyiwa wakiwa wachanga. Alimuogesha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta ya nazi, akatoa kichupa cha wanja kwenye mkoba wake. Alimpaka machoni. Kisha, ili jicho la mtu likija liishie hapo, akampiga doa kubwa jeusi katikati ya paji la uso.

Mtoto alilala. Bi Mwanakheir akakaa pembeni akimpepea, moyo umetulia.

Mama mtu aliporudi na kumwona mwanawe, alipiga ukelele uliosikika hadi jikoni. Macho meusi, paji la uso jeusi: alidhani mtoto amepigwa, au ameangushwa. Alimnyakua, mtoto akashtuka akaanza kulia, baba akaja mbio, watu wakajaa. Walipofuta kwa kitambaa na kuona ni rangi tu, hofu ikageuka hasira. Ni nini hiki? Kina nini ndani yake? Nani amekupa ruhusa?

Bi Mwanakheir alisimama ukutani, Kiingereza chote kimemtoka. Alikuwa na maelezo, tena marefu, lakini yote yalikuwa kwa Kiswahili. Alichoweza kusema ni "sorry", akakisema mpaka sauti ikakauka.

Ukweli usemwe, yule mama alikuwa na haki yake. Madaktari huwakataza wazazi kuwapaka watoto wachanga wanja, kwa sababu aina nyingine huwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa mtoto. Tena hata ungekuwa salama kama maji, mtoto si wake. Hayo Bi Mwanakheir anayasema mwenyewe, bila kulazimishwa.

"Nilikosa. Mtoto wa mtu anaombewa ruhusa. Kama mie mtu angenichukulia mwanangu akamrudisha kanyolewa nywele, ningenyamaza? Ningemparamia!" Anaweka kikombe chini. "Kinachoniuma ni kuwa yule mama ameondoka Unguja anaamini nilitaka kumdhuru mwanawe. Sikuweza kumwambia kuwa nilimpenda. Sikuwa na maneno."

Mtoto alikuwa mzima, na wazazi hawakushtaki. Lakini meneja wa hoteli, Bi Shemsa, alimrudisha Bi Mwanakheir kwenye udobi siku hiyo hiyo, na ufunguo wa chumba cha watoto ukatundikwa ofisini.

Nilimtafuta Bi Shemsa kwa simu, nikitegemea sauti kali. Sikuikuta. "Mimi mwenyewe nimepakwa wanja mpaka nimeanza skuli," alisema huku akicheka kidogo. "Namjua Bi Mwanakheir, hana ubaya. Lakini nitamwambia nini mgeni? Hoteli haiwezi kumwachia mtoto mtu asiyeweza kumweleza mzazi anachotaka kufanya. Nilimwambia, jifunze, uje unieleze mimi kwanza. Ukinitosheleza mimi, nitakurudisha."

Ndiyo sababu mama huyu, baada ya kusimama kwenye pasi tangu asubuhi, huvuka mji kila Ijumaa kuja kukaa kwenye kiti cha plastiki na watu ambao wengine angeweza kuwazaa. Darasa likiisha, Faiza hubaki naye. Siku niliyokuwepo, Faiza alijifanya mgeni mwenye kiburi, akajifunika ushungi wake begani kama shali ya Ulaya.

"Will you look after my son?"

"Yes, madam."

"Utafanyaje? Niambie kila kitu."

Bi Mwanakheir akaanza vizuri kwa Kiingereza, maziwa, usingizi, kivuli, kisha akakwama, akapiga paja kwa hasira. "Ah! Liko hapa ulimini, halitoki!"

"Pole pole, mama yangu. Hakuna anayekukimbiza."

"Jumanne inanikimbiza, mwanangu."

Faiza akaacha kujifanya mgeni. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia maneno ambayo niliyaona yamemwingia. "Usiyakariri haya ya ubaoni kama sura. Haya ni ya kukusaidia tu. Wewe mwambie Bi Shemsa unachokijua, kwa hayo hayo uliyonayo. Ukivunja lugha, vunja. Atakuelewa."

Jumanne ikafika. Mimi sikuwepo ofisini, lakini wote wawili wamenisimulia na maelezo yao yanakubaliana, isipokuwa Bi Mwanakheir anasema alitetemeka sana na Bi Shemsa anasema hakuona.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile lililotarajiwa: kwako wewe, kumwangalia mtoto wa mgeni ni kufanya nini? Bi Mwanakheir alianza kuyatafuta maneno ya ubaoni. Yote aliyosoma yalipotea. Aliangalia sakafu. Bi Shemsa anasema alikaribia kumhurumia na kumruhusu ajibu kwa Kiswahili, akajizuia.

"Nikasema, Ya Rabbi, nipe hata moja tu," anasimulia Bi Mwanakheir. Likamjia neno "ask".

Alijibu kwa Kiingereza cha kuchechemea, kila neno likisimama peke yake. Kwamba kwanza namuuliza mama. Namuuliza anakula nini, hali nini. Namuuliza niguse nini, nisiguse nini. Akisema hapana, ni hapana. Akiwa mbali na mimi sijui, nampigia simu, simfanyii mtoto jambo kwa kukisia.

"Na wanja?" Bi Shemsa aliuliza.

"No wanja. Finish."

"Na ukiona watu wanamsifu mtoto hovyo?"

Hapo, anasema Bi Shemsa, yule mama alinyanyua uso na kumtazama machoni kwa mara ya kwanza. Akasema kwamba atamwombea dua, kimya kimya, moyoni. Kisha Kiingereza kikamwishia, akamalizia kwa Kiswahili: "Dua haimchafui mtoto uso, Bi Shemsa."

Bi Shemsa alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akanyanyuka, akautoa ufunguo ukutani.

Amerudishwa kwa masharti. Yuko kwenye majaribio, mlango wa chumba haufungwi, na mkoba wake hukaguliwa kila asubuhi akiingia. Namuuliza kama hilo la mkoba halimvunji heshima. Anavuta pumzi. "Linauma kidogo. Mimi mtu mzima. Lakini naufungua mwenyewe kabla sijaambiwa, wasione haya kuniambia."

Nimekwenda kumtazama kazini wiki yake ya kwanza. Chumba ni kidogo, kina madirisha mawili yanayotazama bustani, midoli kwenye kapu, kitanda cha mtoto cha mbao, na mkeka mkubwa wa ukili ambao Bi Mwanakheir ameuleta kutoka kwao Tumbatu kwa ruhusa ya meneja. Amevaa sare ya hoteli, na kanga ameikunja iko begani.

Mgeni wake wa kwanza siku hiyo ni mwanamke kijana kutoka Polandi, amembeba binti wa miezi kumi. Mtoto anaitwa Hania. Bi Mwanakheir anaposikia, uso wote unafunguka. "Haniya! Jina letu hilo!"

Anajiweka sawa, anatabasamu, anaanza kwa ule mpangilio wake aliouhangaikia Ijumaa zote zile. Anauliza mtoto anakula nini. Mama anamtazama, macho yamemtoka. Anauliza tena, pole pole. Mama anatikisa kichwa, anasema maneno kadhaa kwa Kipolandi, kisha anainua mabega kwa haya.

Mgeni hajui Kiingereza.

Namwona Bi Mwanakheir akinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue anacheka kwa sauti, kicheko cha tumboni. "Mwandishi! Umeona mambo haya? Nshamaliza kusoma Kiingereza, mwenyewe mgeni hakijui!"

Lakini hamwachi mama wa watu. Anachukua chupa ya maziwa, anaiinua juu, anauliza kwa nyusi. Mama anaitikia kwa kichwa. Anainua ndizi. Ndiyo. Anainua biskuti. Hapana. Anagusa kofia ya mtoto, anaonyesha bustani, anaonyesha jua. Hapana, anasema mama kwa mkono, ndani tu. "Haya, ndani tu," anasema Bi Mwanakheir. Kila kitu anakiuliza. Hata kumfuta mtoto mate, anauliza.

Kisha anamchukua Hania begani, na mama anaaga. Anafika mlangoni, anarudi kumbusu. Anafika mlangoni tena, anarudi kurekebisha soksi. Mara ya tatu anarudi hana la kufanya, anasimama tu katikati ya chumba, mikono inaning'inia. Chini ya macho yake pamevimba. Shati lake limefungwa vifungo vibaya. Mumewe, naambiwa baadaye, amekwenda kupiga mbizi na wenzake tangu asubuhi.

Bi Mwanakheir anamtazama kwa muda. Halafu anakaa chini kwenye mkeka, na mtoto mapajani, na kupiga piga nafasi iliyo kando yake kwa kiganja.

Mama anasita. Anavua viatu, anakaa. Bi Mwanakheir anamwimbia Hania taratibu wimbo usio na maneno, na mtoto anachezea kingo za kanga. Baada ya dakika chache mama anajiegemeza kwenye kiwiko. Kisha analaza kichwa. Kisha analala, usingizi mzito wa mtu ambaye hajalala miezi, mdomo wazi, mkono mmoja umemshika mwanawe mguu.

Bi Mwanakheir anaitoa kanga begani. Anaikunjua kwa mkono mmoja na kumfunika.

"Huyu mtoto hana shida," ananinong'oneza. "Huyu mama ndiye aliyekuwa hana wa kumwangalia."

Mlangoni anatokea Bi Shemsa, yuko katika mzunguko wake wa ukaguzi. Anamwona mgeni wake aliyelipa amelala sakafuni, anafungua mdomo. Bi Mwanakheir anaweka kidole midomoni. Meneja anasimama pale, anatazama. Kisha anavua viatu, anapita kwa vidole, anavuta pazia ili jua lisimpige mama usoni, anatoka.

Namuuliza Bi Mwanakheir, kwa mnong'ono, kama akimaliza majaribio haya salama atataka nini tena maishani. Hafikirii hata kidogo, ni jambo alilolilaza moyoni muda mrefu. Pale Mtoni, anasema, wanawake wengi wanafanya kazi hotelini. Wanatoka kabla jua halijachomoza, watoto wanawaacha kwa huyu na yule, mwengine kwa jirani mgonjwa, mwengine peke yake na ndugu yake mdogo. Na wao kutwa wanawashughulikia watu wengine.

"Nnataka chumba kimoja tu, pale pale Mtoni. Hata kikiwa kidogo," anasema, huku akimpapasa Hania mgongo. "Lakini mkeka nnautaka mpana. Maana hao mama zao wakija jioni kuwachukua watakuwa wamechoka hivi hivi kama huyu. Atakayetaka kulala, na alale kwanza. Mimi ntakuwepo."